Uamuzi Hupita Kabla ya Tangazo: Mwongozo Kamili wa Kuifuatilia Halmashauri Yako na Kushiriki

Gari lenye kipaza sauti linapita mtaani likitangaza ushuru mpya wa soko. Watu wanatoka nje, wananung'unika, wanamlaumu mtendaji. Lakini siku hiyo ushuru umeshajadiliwa kwenye kamati, madiwani wameshaupitisha, na sheria ndogo yake imeshatoka kwa waziri. Gari lile limekuja kukupa taarifa tu, ushauri wako haukusubiriwa.

Nimekaa kwenye mikutano ya kijiji na ya kata kwa miaka kadhaa, mingine nikiwa mjumbe, mingine nikiwa mwananchi wa kawaida aliyekaa kwenye benchi la nyuma. Kitu kimoja nilichojifunza ni kwamba anayesubiri habari huchelewa. Mwenye kusikilizwa ni yule anayejua kikao kipi kinakaa lini, na kinaamua nini. Mwongozo huu umepangwa kwa mtazamo huo. Unahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake za serikali za mitaa.

Hatua ya kwanza: jua mlango upi ni wa nani

Wilayani kuna mikono miwili ya serikali, na watu huichanganya kila siku. Mkuu wa wilaya ni mkono wa serikali kuu. Anateuliwa na Rais, anasimamia ulinzi na usalama, na anaweza kuitisha mkutano wa kusikiliza kero, lakini yeye siye mwenye halmashauri. Halmashauri ni ya madiwani mliowachagua, wakiongozwa na mwenyekiti (au meya, kwenye manispaa na majiji), na shughuli za kila siku ziko chini ya mkurugenzi mtendaji, ambaye naye ni mteule wa Rais. Ndani ya baraza mkurugenzi ni katibu.

Kwa nini hili lina maana kwako? Kwa sababu Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka hayo yamepangwa ngazi kwa ngazi. Vijijini una kitongoji, kijiji, kata, kisha halmashauri ya wilaya. Mijini una mtaa, kata, kisha halmashauri ya mji, manispaa au jiji. Tarafa haimo kwenye ngazi hizo. Afisa tarafa ni mtu wa serikali kuu.

Na balozi wa nyumba kumi? Balozi ni kiongozi wa chama. Tangu mfumo wa vyama vingi urejee mwaka 1992, yeye si ngazi ya serikali, ingawa wazee wengi bado humpelekea kesi ya mbuzi na ya mpaka wa shamba kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakuna ubaya kumshirikisha, ila usihesabu kwamba malalamiko yako yameshafika serikalini.

Halafu kuna jambo ambalo limewaaibisha wengi mbele ya mkutano, mimi nikiwamo. Nilisimama siku moja na hoja kali kuhusu daraja lililobomoka, nikaeleza kwa dakika kumi, watu wakapiga makofi. Mtendaji akanijibu kwa upole kwamba barabara ile haiko chini ya halmashauri. Barabara za vijijini na mijini za ngazi ya wilaya husimamiwa na TARURA, iliyoanza kazi Julai 2017, na barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji ya vijijini ni RUWASA, iliyoanza Julai 2019, na umeme ni TANESCO. Halmashauri yenyewe inabaki na shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, hospitali ya wilaya, masoko, minada, stendi, machinjio, usafi na taka, ugani wa kilimo na mifugo, na ustawi wa jamii. Kero ya barabara bado unaweza kuitaja kijijini, kwa sababu diwani wako anaweza kumbana meneja wa TARURA anapokuja kwenye baraza. Ila uitaje ukijua inakokwenda.

Hatua ya pili: tengeneza kalenda yako

Chukua daftari. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, na karibu kila kitu kwenye halmashauri kinatembea kwa robo ya mwaka.

Halmashauri ya kijiji, ambayo wengi huiita serikali ya kijiji, ina wajumbe kati ya 15 na 25 na inatakiwa kukaa kila mwezi. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Kamati ya Maendeleo ya Kata hukaa kila robo, na kamati za kudumu za halmashauri hukaa kila robo pia, isipokuwa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ambayo hukaa kila mwezi. Baraza la madiwani huja mwishoni mwa mlolongo huo. Robo ikiisha, taarifa huandikwa, kamati hupitia, ndipo baraza hukaa. Kwa hiyo baraza la robo ya Julai hadi Septemba hufanyika mara nyingi Oktoba mwishoni au Novemba.

Msimu wa kuutia wino mwekundu ni ule wa bajeti. Vijiji na mitaa huibua vipaumbele kati ya Oktoba na Desemba. Kata huvichambua, wataalamu wa halmashauri huviweka kwenye ukomo wa bajeti waliopewa, kamati ya fedha huvipitia, na baraza hupitisha mapendekezo ya bajeti kati ya Januari na Februari. Baada ya hapo makabrasha hupanda mkoani na TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa), na Bunge hukaa na bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Ukilileta wazo la zahanati mwezi wa Mei, kwa mwaka huo umechelewa. Utaambiwa "tumelipokea", na ni kweli wamelipokea.

Tarehe zenyewe hutofautiana kati ya halmashauri na halmashauri, na huahirishwa. Usitegemee kumbukumbu. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa umwombe ratiba ya vikao vya mwaka. Ipo, kwa sababu halmashauri huipanga. Kama ngazi ya chini wanasema haipo, ofisi ya mkurugenzi inayo ya baraza na kamati zake.

Hatua ya tatu: habari inapatikana wapi

Anza na ubao wa matangazo. Ndiyo, ule ubao wenye vumbi ofisini kwa mtendaji. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji inapotakiwa kubandikwa, pamoja na matangazo ya mikutano, nafasi za kazi za mkataba na orodha za wanufaika. Pita hapo angalau mara moja kila wiki mbili, upige picha kwa simu. Karatasi hubandikwa, hunyeshewa, huondolewa. Picha inabaki, na ina tarehe.

Halmashauri zote 184 za Bara zina tovuti, na nyingi zina anwani inayofuata mtindo mmoja: jina la wilaya likifuatiwa na herufi dc kisha .go.tz, na mc kwa manispaa, tc kwa mji, cc kwa jiji. Usiishie kwenye ukurasa wa mbele wenye picha za ziara na ukataji utepe. Fungua sehemu ya matangazo, ya zabuni na ya machapisho, ambako ukibahatika utakuta bajeti na mpango mkakati. Baadhi ya tovuti hizi hazijaguswa kwa miezi mingi, na hilo nalo ni swali zuri la kumuuliza diwani.

Redio za jamii husaidia sana, hasa zile zinazotangaza baraza moja kwa moja. Makundi ya WhatsApp ya kata na kijiji husaidia pia, kwa sharti kwamba hutaiamini picha ya barua isiyo na kumbukumbu namba, tarehe na muhuri. Nimeona tangazo la "ajira za halmashauri" likizunguka kijiji kizima, watu wakituma nauli kwa simu, kumbe hakuna ofisi iliyolitoa. Nafasi ya kweli inayotangazwa na halmashauri haikudai fedha ya fomu kwenye namba ya mtu.

Hatua ya nne: mkutano mkuu wa kijiji au mtaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mwananchi asiye na cheo chochote ana sauti ya kisheria.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inaufanya mkutano mkuu kuwa chombo cha juu cha kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaongeza meno: halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Mwekezaji akija na gari zuri na zawadi ya mipira ya vijana, saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Lazima mkae, muelezwe ukubwa wa eneo na masharti yake, na muhtasari uonyeshe nani walihudhuria na walikubali nini.

Kabla ya kwenda, uliza agenda. Agenda ikiwa haijulikani, mkutano utatawaliwa na "mengineyo", na mengineyo ni saa moja ya watu kulalamikia mbwa wanaozurura. Mpelekee mwenyekiti au mtendaji ombi la kuingiza agenda yako kwa maandishi, mistari mitatu inatosha, siku kadhaa kabla ya mkutano.

Ukifika, jiandikishe kwenye orodha ya mahudhurio. Wengi huona ni usumbufu. Lakini kikao kisichotimiza akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, maamuzi yake yanaweza kupingwa, na jina ambalo halimo kwenye orodha halikuwapo, hata kama ulikuwa umekaa chini ya mwembe mbele ya meza kuu.

Mambo ya kudai kila mkutano ni haya: muhtasari wa mkutano uliopita usomwe na kuthibitishwa, yatokanayo yajibiwe, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwa tarakimu. "Tumekusanya fedha na tumezitumia vizuri" hiyo si taarifa. Taarifa inasema tumeanza na kiasi gani, kimeingia kiasi gani na kutoka chanzo kipi, kimetumika kwa nini, risiti iko wapi, na benki kuna salio gani. Ukiuliza, uliza kitu kimoja kinachojibika. Nimeshuhudia mtu akiuliza maswali saba kwa pumzi moja, mwenyekiti akajibu la rahisi kuliko yote na kuendelea na kikao.

Namna ya kuuliza ina uzito pia. Salimia, jitaje jina na kitongoji chako, kisha sema, kwa mfano: "Ndugu mwenyekiti, kwenye taarifa ya robo iliyopita tulisomewa kwamba mchango wa madawati uko benki. Naomba kujua salio la leo na madawati yatanunuliwa mwezi gani." Hapo umemheshimu, umerejea kumbukumbu, na umembana kwa tarehe.

Michango ndiyo inayoleta joto kuliko jambo jingine lolote. Mchango wa maendeleo unapaswa kuwa umekubaliwa kwenye mkutano, ukaandikwa, na kila anayetoa akapewa stakabadhi. Usitoe fedha taslimu bila karatasi, hata kama anayekusanya ni shemeji yako. Tozo na ushuru wa halmashauri hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo au kwa mashine ya kukusanyia mapato inayotoa risiti papo hapo.

Mkutano usipoitishwa miezi sita? Mwandikie mtendaji wa kijiji barua, nakala kwa mtendaji wa kata. Ukimya ukiendelea, barua ya pili iende kwa mkurugenzi, na ikisainiwa na wakazi wengi ina nguvu zaidi.

Hatua ya tano: ibua mradi wenu wenyewe

Njia rasmi ya vijiji kupanga mipango inaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wawezeshaji huja, wananchi hugawanyika makundi (wanawake, vijana, wazee), wanachora rasilimali walizonazo, wanataja vikwazo, kisha wanapanga vipaumbele. Kwa vitendo, mara nyingi hakuna fedha ya wawezeshaji, na zoezi linafupishwa kuwa mchana mmoja. Usikate tamaa kwa hilo. Kijiji kinachokuja na kipaumbele kilichoandikwa vizuri humsaidia mtendaji aliyechoka, na andiko lenu ndilo litakalopanda.

Andiko lenyewe liwe kurasa mbili. Eleza tatizo kwa hesabu mliyoifanya wenyewe: watoto wangapi wanakaa chini, mama mjamzito anatembea umbali gani. Taja eneo lililotengwa na muhtasari wa kikao kilicholitenga. Taja nguvu za wananchi, yaani mawe, mchanga, maji, kuchimba msingi, kusogeza tofali, na thamani yake kwa shilingi. Mhandisi wa halmashauri ndiye atakayekadiria gharama, msijikadirie.

Sasa onyo kuhusu maboma. Kila wilaya ina maboma ya madarasa na zahanati yaliyopandishwa kwa nguvu za wananchi hadi kwenye lenta, kisha yakasimama miaka kwa sababu halmashauri haikuwa na fedha ya kumalizia. Kabla ya kuinua tofali la kwanza, pata jibu la maandishi kama mradi uko kwenye mpango wa halmashauri na kama ramani imeidhinishwa. Zahanati iliyojengwa kwa ramani ya fundi wa kijiji inaweza kugomewa kusajiliwa, na huo ndio uchungu mkubwa kuliko kutojenga kabisa.

Hatua ya sita: kata, diwani na baraza

Kamati ya Maendeleo ya Kata ina diwani kama mwenyekiti na mtendaji wa kata kama katibu. Wenyeviti wa vijiji au mitaa ni wajumbe. Hapa vipaumbele vya vijiji vitano vinagombania nafasi moja, na mwenyekiti wenu akienda bila andiko, mradi wenu unaondoka kimyakimya. Mkumbusheni kabla ya kikao. Mkutaneni naye jioni moja, mumweleze hoja tatu za kuutetea mradi.

Diwani wenu wa sasa amepatikana kwenye uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025. Jua namba yake, jua yuko kamati gani ya kudumu. Aliye kwenye kamati ya elimu, afya na maji anaona taarifa za zahanati kabla ya wenzake. Kama hayuko huko, muulize ni nani. Kwenye baraza, diwani anaweza kuuliza swali kwa maandishi likajibiwa rasmi na jibu likaingia kwenye muhtasari. Ombi la aina hii ndilo la kumpelekea: "Mheshimiwa, tunaomba uulize swali la maandishi kuhusu gari la wagonjwa la kituo chetu." Ni tofauti kabisa na "tusaidie gari la wagonjwa".

Na wewe mwenyewe nenda barazani. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Unakaa kwenye viti vya wageni, unasikiliza, huruhusiwi kuchangia. Kwa kawaida siku moja hutengwa kwa taarifa za kata, ambapo kila diwani husoma hali ya kata yake, na siku inayofuata ni ya taarifa za kamati. Ukiwa na siku moja tu, chagua ya taarifa za kata. Utasikia diwani wako anasema nini kuhusu shule unayopita kila asubuhi, na utajua kama ni kweli. Ikifika mahali mwenyekiti akatangaza baraza linajigeuza kuwa kamati, wageni wote mtatoka nje. Ni utaratibu, hasa wanapojadili nidhamu za watumishi, usianzishe ugomvi mlangoni.

Sheria ndogo zinahitaji jicho la pekee. Kabla ya halmashauri kutunga sheria ndogo ya ushuru au mifugo, wananchi wanatakiwa kupewa taarifa na nafasi ya kutoa maoni au pingamizi. Rasimu hubandikwa kwenye ofisi za kata, na karibu hakuna mtu anayesoma. Barua tano za wafanyabiashara wa soko zenye hesabu za faida na ushuru, zikipelekwa wakati huo, zina uzito kuliko maandamano ya baadaye.

Hatua ya saba: nafasi zilizo wazi kwako

Watu hudhani kushiriki ni kugombea tu. Uongozi wa kuchaguliwa upo: uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila miaka 5, na wa mwisho ulikuwa 27 Novemba 2024. Kumbuka kwamba orodha ya wapiga kura ya uchaguzi huo huandikwa upya kijijini au mtaani, nayo ni tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Mwenye kadi ya mpiga kura aliyepuuza kujiandikisha hubaki mtazamaji.

Lakini kati ya uchaguzi na uchaguzi kuna viti vingi ambavyo hakuna anayevigombania. Shule ya msingi ina kamati ya shule, sekondari ina bodi. Zahanati na kituo cha afya vina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa jamii. Mradi wa maji kijijini una chombo cha watumia maji, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, ina kamati ya jamii. Uliza muda wa kamati iliyopo unaisha lini, kisha ujitokeze kwenye mkutano utakaojaza nafasi.

Ninayoipenda kuliko zote ni kamati za mradi wa ujenzi. Mradi ukijengwa kwa fosi akaunti, yaani kwa mafundi badala ya mkandarasi, huundwa kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na wananchi huwamo. Nilikuwa kwenye mapokezi ya zahanati moja. Lori la saruji likaja saa kumi na mbili jioni, dereva ana haraka, karatasi ya kupokelea mzigo tayari imejazwa. Tukakataa kusaini hadi tuhesabu. Ikapungua mifuko kumi na miwili. Mzabuni alidai ni makosa ya kupakia, kesho yake akaileta. Ukipewa kazi hii, hesabu wakati mwanga upo, andika namba ya gari, na usisaini karatasi ya mzigo ambao hujauona.

Halafu kuna mikopo. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ililazimishwa kisheria mwaka 2018, ikasimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, na ikarejea mwaka 2024. Masharti ya umri na idadi ya wanakikundi yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata wala si kwa rafiki aliyekopa zamani. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kina katiba, akaunti ya benki na shughuli inayoonekana. Vikundi vilivyoundwa wiki moja kabla ya mkopo hujulikana hata na jirani, na ndivyo vilivyofanya wengi washindwe kurejesha. Hakuna ada ya kumpa mtu mkononi ili fomu yako ipite.

Hatua ya nane: ukinyimwa jibu

Andika. Barua ipitie kwa mtendaji, nakala uipeleke masjala ya halmashauri, na nakala yako irudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, miezi mitatu baadaye mtabishana kama barua ilifika.

Ukitaka nyaraka, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi ina hadi siku 30 kujibu. Omba kitu mahususi: "nakala ya taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji, robo ya pili", si "taarifa zote za fedha". Ukikataliwa, omba sababu za kukataliwa kwa maandishi.

Ngazi za kupanda ni mtendaji wa kata, mkurugenzi, mkuu wa wilaya, kisha TAMISEMI. Kero ya ardhi au jirani hupelekwa kwanza kwenye baraza la kata kwa usuluhishi. Ukiona harufu ya rushwa, usizunguke ngazi zote hizo kwanza. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapatikana kwa namba 113 bila malipo, na wana ofisi wilayani.

Mwisho, kila mwaka CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) humkabidhi Rais ripoti za ukaguzi kabla ya Machi kuisha, na zikishawasilishwa bungeni mwezi Aprili huwa wazi kwa kila mtu. Moja inahusu mamlaka za serikali za mitaa peke yake. Pakua, tafuta jina la halmashauri yako, na usome hoja zake ukiwa na picha zako za ubao wa matangazo pembeni. Ukikuta mradi wa kijijini kwenu umeandikwa umekamilika na wewe unajua boma halina paa, piga picha siku hiyohiyo, peleka kwenye mkutano mkuu unaofuata, na uhakikishe imeandikwa kwenye muhtasari kwa jina la mradi na kiasi cha fedha.